Ati "Maoni Yako Ni Muhimu"

Hivi nyinyi wenzangu mnaouza vitu kwa simu, hizi survei za soko la mtandaoni kuna binadamu anazisoma kweli? Wanasema dakika mbili tu, unabonyeza wee mpaka chai inapoa. Ati mzigo wako unachukuliwa na nini: pikipiki, gari au lori? Lori, Amu hii, kisiwani Lamu! Mtu anashona kofia ya vito kwa mkono, tundu kwa tundu, miezi inakatika, halafu mzigo upande punda mpaka jeti, ushuke botini mpaka Mokowe kule bara, ndo upate basi la Mombasa, na hapo omba kusi lisiwe limechafua bahari, lakini punda hayumo, boti haimo, hata "nyingineyo" hawakuweka! Nikabonyeza lori, nifanyeje?

Pale chini kwenye kisanduku nikamwaga yote, kamisheni, mteja anayerudisha kofia imeshasaliwa Idi ina jasho na nauli ya kurudi juu yangu, wallahi sijamaliza kupumua jibu lishaingia: asante, tunakuthamini. Mnanithamini kwa bei gani jamani? Maana kamisheni ndo kwanza imepanda tena.