Mahame Yenye Watu

Kiswahili kina neno mahame: mahali palipohamwa na watu, pakabaki kuta na miembe. Kila nikisikiliza "Ghost Town" (yaani mji uliohamwa), wimbo wa bendi ya Kiingereza The Specials, neno hilo hunijia, na kila mara naona halienei. Coventry ya mwaka 1981 ilikuwa na watu tele. Vijana walikuwepo, wamejaa barabarani. Kilichohama ni kazi.

Coventry ni mji wa viwanda vya magari katikati ya Uingereza, na viwanda hivyo vilikuwa vikifunga milango kimoja baada ya kingine. Huko ndiko Jerry Dammers, mpiga kinanda wa The Specials, alikoanzisha lebo ya muziki ya 2 Tone mwaka 1979. Bendi yake ilikuwa na weusi na weupe jukwaani pamoja, wakipiga ska, muziki uliozaliwa Jamaika, kwa kasi ya kumtoa mtu jasho. Mapema mwaka 1980 walikuwa wameshawahi kushika namba moja kwenye chati za Uingereza. Lakini walipozunguka nchi na maonyesho yao, Dammers aliona mambo yaliyomkaa moyoni. Amesimulia kuwa Glasgow aliwakuta bibi vizee wametandaza vyombo vyao vya nyumbani barabarani wakiviuza, vikombe na visahani. Mimi picha hiyo hainitoki. Mtu akifikia kuuza kikombe anachonywea chai, ameshauza kila kitu kingine.

Basi sikiliza jinsi wimbo unavyoanza. Upepo, kisha kinanda kinaingia polepole, kama mtu anayechungulia nyumba isiyo na taa. Ska ya kuruka imepunguzwa mwendo mpaka imekuwa mwendo wa jeneza. Kiitikio ni vilio vya msibani visivyo na maneno. Waimbaji wanaimba kwa sauti kavu, bila kulalamika, wanataja tu: klabu zimefungwa, ajira hakuna, serikali imewatelekeza vijana. Halafu, katikati, kuna sehemu fupi ya kukumbuka siku njema. Muziki unachangamka ghafla, unataka kucheza, na kabla hujainuka umeshazimika. Hapo ndipo wimbo huniumiza zaidi. Na tromboni ile ni ya Rico Rodriguez, mkongwe aliyelelewa Kingston na kuupiga muziki huu huko tangu ulipokuwa mchanga. Sisi tuliolelewa na dansi tunajua chombo cha kupuliza kinavyoweza kusema ambayo mwimbaji ameyameza.

Yote hayo yalirekodiwa Aprili 1981 katika studio ndogo mjini Leamington, mtayarishaji akiwa John Collins, huku bendi yenyewe ikiwa haielewani. Dammers amesimulia kwamba mpiga gitaa mmoja alikuwa akiupiga ukuta wa studio mateke.

Wimbo ulitoka tarehe 12 Juni. Tarehe 11 Julai ulishika namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki tatu. Wakati huohuo miji ilikuwa ikiwaka kwa ghasia: Southall ya London na Toxteth ya Liverpool kuanzia tarehe 3 Julai, kisha Moss Side ya Manchester, Handsworth ya Birmingham, Chapeltown ya Leeds. Mwisho wa mwaka magazeti makubwa matatu ya muziki, Melody Maker, NME na Sounds, yote yaliutaja kuwa singo bora ya mwaka.

Tangu hapo imekuwa desturi kusema wimbo huu ulitabiri ghasia zile. Hapo sikubaliani. Brixton, mtaa wa London, ilikuwa imeshawaka Aprili, mwezi uleule bendi ilipokuwa studio. Wasio na ajira walikuwa wamepita milioni 2.5. Polisi walikuwa wakitumia sheria ya mwaka 1824 kumkamata kijana kwa kumshuku tu, na vijana weusi ndio walioonja zaidi. Coventry kwenyewe kijana mwenye asili ya Asia aliuawa mchana mjini, na mwezi Juni bendi ilipiga onyesho kutetea watu wa rangi zote waishi kwa amani. Hayo hayakuhitaji mtabiri. Anayeuita wimbo huo utabiri anawasamehe wote waliokuwa na macho na madaraka, kana kwamba jambo lilikuwa limefichika. Dammers alisema alichokiona, naye alikiona barabarani kama kila mpita njia.

Ndiyo maana nakereka wimbo huu unapopigwa siku hizi kama mapambo, kila barabara za mji fulani zikiwa tupu. Barabara tupu si habari yake. Habari yake ni waliobaki.

Bendi yenyewe haikudumu. Wimbo ukiwa bado kileleni, wanabendi Terry Hall, Neville Staple na Lynval Golding walimwambia Dammers, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni, kwamba wanaondoka.

Ukiipata santuri yenyewe, igeuze. Upande wa pili kuna "Why?", aliyoitunga Golding baada ya kushambuliwa na kujeruhiwa vibaya London kwa sababu ya rangi yake. Angeweza kutukana, na nani angemlaumu. Anawauliza tu waliompiga: kwa nini? Anauliza tena na tena, juu ya mdundo wa rege, na jibu haliji.