Shaba ni ya ukutani, si ya pistoni

Vijana wanaotengeneza injini ndogo za mfano hapa Lubumbashi huniuliza jambo moja kabla ya yote: pistoni niichonge kwa kitu gani? Nami huwarudishia swali: silinda yako ni ya nini, na itapata joto kiasi gani? Pistoni na silinda huchaguliwa pamoja. Ukishanunua kimoja bila kukifikiria kingine, umejifunga mkono mmoja kabla kazi haijaanza.

Ugonjwa wetu mkubwa ni shaba. Mkoa wetu wenyewe ulibeba jina hilo tangu 1971 hadi 1997, na vipande vyake havikosekani kwa mtu anayejua pa kuuliza. Inang'aa, inapendeza kwenye picha, basi kila mtu anataka pistoni ya shaba. Mimi naikataa. Shaba tupu ni laini mno: hunata kwenye kisu cha mashine ya kukereza, na mafuta yakipungua kidogo hujipaka kwenye ukuta wa silinda hadi pistoni ikwame. Mzee mmoja wa mtaa wa Katuba hapa mjini, mkereza wa siku nyingi, alinitazama na fimbo yangu nyekundu akacheka: “Mwana, shaba njo ya kutundika ku ukuta, haiko ya pistoni.” Alikuwa akisema zile picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo ambazo kila sebule hapa inayo.

Brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ni afadhali, na bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, ni nzuri kweli kwa injini ya mvuke, mradi mafuta yafike. Ila zote mbili hutanuka kwa joto kuliko chuma, karibu mara mbili. Chukua pistoni ya brasi ya milimita 20 ndani ya silinda ya chuma cha kusubu, ipandishe joto kwa nyuzi 120: nafasi kati yao itapungua kwa takriban milimita 0.02. Aliyeipachika kwa kubana ikiwa baridi, akajisifu kwamba haivuji hata chembe, atasimama na injini yake dakika chache baada ya mvuke kuingia.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa chuma cha kusubu, kile mafundi hapa wanachokiita fonti. Na huhitaji kukiagiza Ulaya. Diski ya breki iliyokwisha, inayotupwa nyuma ya gereji, kwa kawaida ni chuma hicho hicho. Ikate kwa msumeno, ondoa ganda la kutu kwa kisu kigumu, halafu utazame kinachotoka: hakitoi nyuzi zinazojikunja kama chuma cha kawaida, kinatoa unga mweusi unaopaka vidole. Weusi huo kwa sehemu kubwa ni grafiti, kaboni laini kama ile ya penseli. Imo ndani ya chuma chenyewe, inasaidia kulainisha, na vijishimo vyake hushika mafuta. Ndiyo maana pistoni ya fonti inaweza kutembea ndani ya silinda ya fonti bila ugomvi, jambo ambalo alumini juu ya alumini tupu haiwezi.

Kwa silinda ya chini ya milimita 12 hivi sioni haja ya sili yoyote, yaani ringi ya kuzuia kuvuja. Pistoni ndefu kidogo, mifereji miwili mitatu myembamba ya kushika mafuta, basi. Kazi iko kwenye kusugua. Silinda isuguliwe kwanza kwa fimbo laini iliyopakwa unga wa kusugulia vali (hapo ndipo shaba inapofaa, kwa sababu chembe za unga huzama ndani ya kilicho laini na kukata kilicho kigumu), kisha pistoni nayo isuguliwe ndani ya pete ya kusugulia iliyopakwa unga huo. Usisugue pistoni moja kwa moja ndani ya silinda yake, utaharibu umbo la vyote viwili. Osha kwa mafuta ya taa, osha tena, halafu jaribu: paka mafuta mepesi, ziba mdomo wa silinda kwa dole gumba, uisimamishe wima. Pistoni inapaswa kuning'inia. Ukiachia dole, ishuke yenyewe taratibu kwa uzito wake. Kazi yote hii ni ya mkono, umeme ukikatika unaendelea tu.

Fonti ina adui mmoja, maji. Msimu wa mvua hapa, injini ya mvuke iliyoachwa usiku na unyevu ndani huamka na kutu. Itoe maji ikiwa bado ya moto, tia mafuta, izungushe kwa mkono.

Alumini nayo ina mahali pake: injini ya petroli inayozunguka kasi, ambako uzito wa pistoni unaleta mtikisiko. Pistoni kuukuu ya pikipiki ni malighafi nzuri, kwa kuwa imechanganywa na silikoni inayopunguza kutanuka. Hata hivyo alumini ya kawaida ndani ya fonti, milimita 20, joto likipanda nyuzi 150, hula karibu milimita 0.036 ya nafasi. Lazima uiachie nafasi, na ukiiachia nafasi lazima uweke segma, yaani ringi za chuma zilizokatwa, zile ambazo John Ramsbottom wa Uingereza alizileta kwenye injini za mvuke miaka ya 1850. Segma zichongwe kwa fonti hiyo hiyo ya diski. Watengenezaji wa injini ndogo za ndege za mfano walipita njia nyingine: pistoni ya alumini yenye silikoni nyingi ndani ya silinda ya brasi iliyopakwa kromu, iliyobana juu kidogo ikiwa baridi. Ikipata moto, brasi inafunguka na kila kitu kinakaa sawa. Ni akili kubwa, lakini kromu ya namna hiyo si kazi ya karakana ya nyuma ya nyumba.

Sasa oringi, ringi za mpira. Hapa nagombana na wengi. Wanazipenda kwa sababu zinaficha silinda iliyokerezwa vibaya, na kwa wiki moja zinaficha kweli. Mvuke wa shinikizo la bar 3 juu ya shinikizo la hewa ya kawaida una nyuzi 144 hivi. Mpira mweusi wa kawaida, nitrili, huanza kuchoka karibu na nyuzi 100 na kitu. Mpira wa silikoni unavumilia joto ila unakwanguka haraka ukisuguliwa. Viton, aina nyingine ya mpira, inafika nyuzi 200, na ndiyo ninayokubali. Rangi isikudanganye; kwa ukubwa ule ule, Viton ni nzito zaidi kwenye mizani.

Na usiibane. Oringi ya unene wa milimita 1.78 naipa kina cha 1.65, nikipima kutoka ukuta wa silinda hadi sakafu ya mfereji, na upana wa 2.4. Mpira hausindikiki, unahama tu, kwa hiyo usipoupa upana utakuwa breki. Injini ndogo haina nguvu ya kupoteza.

Injini ya hewa moto, ile ya Robert Stirling ya 1816, isahau oringi kabisa. Msuguano mdogo tu unaiua, hata mafuta mazito yanaiua. Pistoni ya grafiti iliyokerezwa kutoka kaboni kubwa ya mota (kile kipande cheusi kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ndani ya silinda safi ya kioo au chuma, kavu, inatosha. Ikereze ukiwa nje au umefunika mashine, maana vumbi lake likiingia kwenye swichi litapitisha umeme.