Jamini Roy na picha zinazofanana

Lawama inayomwandama Jamini Roy, mchoraji wa India, ni kwamba alichora picha zilezile mara nyingi mno: mama na mtoto, paka na kambamti, wanawake watatu wenye macho marefu kama majani. Mimi naona anapimwa kwa kipimo kisicho chake.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Beliatore, wilaya ya Bankura huko Bengali. Katika jiji la Kolkata alifunzwa uchoraji wa Kizungu katika chuo cha sanaa cha serikali, kisha akaishi kwa kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Miaka ya 1920 aliiacha kazi hiyo, akawafuata wapatua, wachoraji wa vijijini, na wenzao waliouza picha karibu na hekalu la Kalighat. Mpatua hatafuti picha iwe pekee duniani. Humchorea kila mnunuzi mungu yuleyule, na ustadi wake huonekana kwenye mstari. Roy alifuata desturi hiyo: karakana ya wanawe na wanafunzi, bei ya chini, picha ziingie hata nyumba za watu wa kawaida.

Vifaa navyo alivibadili. Alichorea nguo ya kufumwa kwa mkono, mbao na mikeka. Nyeusi ilikuwa masizi ya taa, buluu nili, nyeupe chaki. Gundi ilitokana na kokwa za ukwaju: humenywa ganda, husagwa, huchemshwa hadi kuwa uji. Hapo ndipo kazi huharibika. Gundi ikizidi, rangi hupasuka na kubanduka. Ikipungua, unga hubaki kidoleni. Hata ikiwa ya kiasi, huyeyuka kwa maji na kuvu huipenda. Kwa hiyo picha ya namna hii usiipanguse kwa kitambaa kibichi wala usiitundike kwenye ukuta unaovuta unyevu.

Karakana hiyo imewaachia wanunuzi kazi ngumu, maana saini peke yake haithibitishi mkono. Isitoshe, India imezitangaza kazi zake kuwa hazina ya taifa, hivyo haziruhusiwi kutolewa nchini. Picha inayouzwa ng'ambo idaiwe hati za lini ilitoka. Kisha utazame mstari wa shavu na bega. Mkono uliozoea huuvuta kwa pumzi moja, mnene katikati na mwembamba nchani. Anayenakili husita kwenye kona, na brashi huacha kidoa pale iliposimama.