Skrubu ya Chini

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza ile video katika makundi matatu ya WhatsApp, huku akiongezea kwamba nililia, naona ni haki nieleze mwenyewe yaliyonipata Jumamosi chini ya milima ya Ngong. Sikulia. Lile lililokuwa likitiririka mashavuni ni tope.

Pikipiki yangu ya porini mnaijua, ile ambayo mke wangu huiita "karo ya shule". Siku moja kabla ya safari niliamua kuirekebisha mwenyewe katika maegesho ya ploti yetu. Kanuni nilikuwa nayo kichwani: gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda na kushuka kama milimita 300, na mwenye pikipiki akiikalia inapaswa kuzama kama thuluthi ya hiyo, yaani milimita 100 hivi. Mlinzi akashika futi, nami nikapanda. Ikazama 130. Akaitazama futi, akalitazama tumbo langu, akasema kwa heshima zote, "Mkubwa, labda hii futi ni mbovu."

Dawa yake ilikuwa kununua springi ngumu zaidi, kwa maana ile iliyotoka nayo kiwandani haikukusudiwa mtu wa kilo 96. (Fundi nilimwambia 82. Msinihukumu.) Badala yake niliikaza nati ya springi mpaka kipimo kikasoma 100, nikajipigia makofi. Pikipiki ikisimama peke yake, bila mtu, haikuzama hata milimita 10, na mjuzi yeyote angetambua hapo kwamba springi imenyongwa na inangoja siku ya kulipiza kisasi. Mimi nilitambua tu kwamba imekuwa ngumu, nikaamua kuilainisha. Shokamzoba ina skrubu mbili: ya juu hutawala inavyobonyea, ya chini hutawala kasi yake ya kurudi. Nilifungua ya chini, tik, tik, tik, hadi ilipokataa kuendelea.

Kuhusu nguvu, fundi wa Kirinyaga Road alikuwa amenibadilishia sproketi ya mbele, yaani kile kigurudumu chenye meno kinachovuta mnyororo, kutoka meno 14 hadi 13 ili injini ivute vizuri kwenye miinuko, maana kule juu hewa ni nyepesi na injini huchoka. Kazi yake ilikuwa safi. Kumbukeni tu hayo meno.

Sasa njooni polepole. Njiani palikuwa na mfereji uliochimbwa na mvua, upana wake kama beseni la kufulia. Gurudumu la mbele liliuvuka kwa adabu. La nyuma likatumbukia, springi ikabonyea, kisha, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia, ikarudi yote kwa mara moja. Kiti kilinipiga mahali ambapo sitapataja hapa, miguu ikaacha vikanyagio, na kwa muda ulionitosha kukumbuka kwamba sijalipa kodi ya nyumba nilikuwa nimelala hewani kama bendera, nimening'inia kwenye usukani. Mtu anayeachwa nyuma hung'ang'ania, na mkono wa kulia uking'ang'ania huku mwili unavutwa nyuma, hufungua mafuta. Meno 13 yakaitika. Pikipiki ikainua pua, ikaniponyoka, nami nikatua kwa makalio katika dimbwi la kunyweshea ng'ombe, lenye uvuguvugu ambao chanzo chake nilikuja kukielewa baadaye. Nikiwa nimeketi humo niliitazama ikikwea mwinuko peke yake, vizuri kuliko nilivyowahi kuikweza mimi, mpaka ilipochoka na kulala kichakani.

Mzee mchungaji alikuwa amesimama pembeni, ameegemea fimbo yake.

"Kijana, chombo chako kimekutangulia."

"Habari ya mchana, mzee," nilijibu, maana sikupata neno lingine.

"Nzuri. Sogea kidogo, ng'ombe wanataka kunywa."

Nikasogea. Ndiyo sehemu ambayo rafiki yangu ameirudia mara mbili katika video.

Mengine ni mafupi: mkono wa klachi ulivunjika, skrubu ya chini imerudishwa ilipokuwa, na springi ngumu nimeiagiza. Fundi aliponiuliza uzito wangu ili aagize ya saizi yangu, nilivuta pumzi, nikamwambia 90.