Hesabu ya kwaki inatosha kwenye ubao wa Mtwara

Nikisema mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mtwara anaweza kuhesabu mgongano wa fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, swali la kwanza huwa ni mashine iko wapi. Mashine ziko kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na hatutakuwa nazo leo wala kesho. Lakini nadharia inataka chaki na utulivu tu, na hivyo viwili tunavyo.

Miali ya tochi mbili ikikutana hupishana, maana fotoni haina chaji. Nguvu kali, ile inayofunga kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni) ndani ya protoni, nayo haiigusi fotoni moja kwa moja. Hata hivyo, fotoni mbili zenye nishati kubwa zikigongana, huweza kuzaa kwaki na pacha wake wa chaji kinyume, antikwaki, na hapo gluoni, chembe zinazobeba nguvu kali, hupata pa kushika. Mimi naona hili ni jambo la ajabu kuliko mengi tunayowakaririsha vijana.

Tuandike ubaoni. Kila fotoni hushika chaji ya kwaki mara moja, jumla mara mbili. Uwezekano ni mraba wa hapo, kwa hiyo chaji inapanda hadi kipeo cha nne. Kwaki za aina ya u na c zina chaji 2/3 ya ile ya protoni, kila moja inatoa 16/81. Kwaki d na s zina 1/3 (alama ya kutoa inapotea), kila moja 1/81. Jumla 34/81. Kila kwaki huja kwa rangi 3 (si rangi za macho, ni jina la chaji ya nguvu kali), zidisha: 34/27. Maana yake, nishati ikiwa kubwa ya kutosha, penye jozi 27 za myuoni (ndugu mzito wa elektroni, ambaye chaji yake ni 1) tutegemee kama jozi 34 za kwaki. Ukisahau rangi, unabaki na 34 kwa 81, chini hata ya nusu ya myuoni. Hesabu ya sehemu tu inakuonyesha rangi zinabadilisha jibu kiasi gani!

Gluoni huisahihisha hesabu hiyo kidogo, na tunaweza kuikadiria kwa sababu nguvu kali hulegea kwaki zikikaribiana sana. Hilo lilionyeshwa mwaka 1973 na wanafizikia Gross, Wilczek na Politzer, waliopata Nobel mwaka 2004. Wilczek na Politzer walikuwa bado wanafunzi. Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Witten akakokotoa jinsi kwaki zinavyogawana nishati ndani ya fotoni. Vipimo vya kwanza vya jambo hilo vilitoka Hamburg, Ujerumani, mwaka 1981, miaka minne baada ya makala ya Witten.

Ndiyo maana inaniuma kijana wa kidato cha sita akiuliza habari za kwaki na kujibiwa, "Hiyo haiji kwenye mtihani." Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, mkimaliza mada ya kiini cha atomu, toeni kipindi kimoja tu. Wapeni hesabu hii bila jibu, kisha waambieni waongeze kwaki ya tano, b, yenye chaji 1/3. Atakayepata 35/27, mwacheni aje mbele awaeleze wenzake.