Treni ikiungua, mlango afungue nani?

Mchana wa tarehe 24 Aprili 1951, mafundi walikuwa wakitengeneza nyaya za umeme juu ya reli karibu na stesheni ya Sakuragicho, mjini Yokohama, Japani. Spana ikagusa pasipotakiwa, shoti ikapiga, waya ukakatika na kuning'inia. Hata hivyo, treni ya mabehewa matano ikaachwa iingie. Ule mkono wa chuma unaokaa juu ya paa kupokea umeme ukanasa kwenye waya, cheche zikaruka, na behewa la kwanza likashika moto. Walikufa watu 106 ndani ya treni iliyokuwa imeshasimama mlangoni mwa stesheni.

Wafanyakazi wa reli walifikishwa mahakamani, na haki yake: waya umekatika, unairuhusuje treni ipite? Lakini kosa la fundi linaeleza moto tu. Halielezi kwa nini watu walishindwa kutoka. Hapo inabidi tulitazame behewa lenyewe.

Mabehewa yale, aina ya 63, yalibuniwa wakati wa vita, kila kitu kikiwa adimu. Dari lilikuwa la plaiwudi iliyopakwa rangi inayowaka haraka. Kila dirisha liligawanywa vipande vitatu. Cha kati hakifunguki, na cha juu au cha chini kikifunguliwa kinaacha upenyo wa sentimita 29 hivi. Mtu mzima hapiti. Mlango wa kuvukia behewa la pili ulifunguka kwa ndani, kwa hiyo umati ulivyozidi kuusukuma ndivyo ulivyozidi kuubana. Milango ya pembeni iliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na mwenye kuiamuru ni mfanyakazi wa treni. Kulikuwa na koki ya dharura ya kuitoa ile hewa ili mlango usukumwe kwa mkono, nayo ilifichwa chini ya kiti. Abiria hawakuwa wameambiwa.

Ni rahisi kuwacheka waliobuni madirisha yale. Wakati wa vita vioo vikubwa havikupatikana, na vipande vidogo viliwezesha treni kutembea na watu kufika kazini. Sababu ilikuwepo. Tatizo ni kwamba vita viliisha mwaka 1945, na miaka sita baadaye abiria walikuwa bado wanapandishwa humo.

Baada ya maafa, mabehewa yakafumuliwa na kujengwa upya, njia za kupita kati yake zikafunguliwa, na koki zikawekewa alama ili kila abiria azione. Hadi hapo unaweza kusema somo limeeleweka.

Usiku wa tarehe 3 Mei 1962, huko Mikawashima, Tokyo, treni ya mizigo ilipita ishara ya kusimama ikaacha reli. Treni ya abiria ikaigonga, na hiyo ya abiria ikaegemea reli ya pili. Mgongano ule uliwaacha wengi wazima. Abiria wakafanya walichofundishwa na Sakuragicho: wakazungusha koki, wakafungua milango, wakashuka relini gizani. Dakika chache baadaye ikaja treni nyingine kwenye reli ile ile ya pili. Walikufa watu 160.

Tangu hapo kuna kambi mbili, na zote zina hoja. Wa kwanza wanasema abiria asipewe mlango: haoni treni inayokuja, hajui waya upi una umeme, na hofu ya mmoja huwavuta mia. Wa pili wanauliza: na mfanyakazi akiwa mbali, au amekufa, au hajui nyuma kunaungua? Mtu anayekohoa moshi humwambii akae atulie asubiri tangazo.

Mimi naelemea upande wa pili, kwa sharti moja zito. Ukimpa abiria mlango, sharti uwe na namna ya kusimamisha treni zote za jirani mara moja. Pale Mikawashima wafanyakazi walikuwa na dakika kadhaa mikononi, na treni ile ya mwisho haikuzuiwa. Japani yenyewe haikuziondoa koki; ilichofanya ni kufunga mitambo ya kusimamisha treni yenyewe inapotaka kupita ishara nyekundu. Nasi tusiuone mjadala huu kuwa wa kina fulani huko mbali: treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma inapita mahandaki ya Kilosa. Ukiketi humo, unajua mlango unafunguliwaje umeme ukikatika?

Mahandaki yana kisa chake. Kanuni ya reli ya Japani ilisema moto ukizuka, simama papo hapo. Penye uwazi ina mantiki, maana mwendo unaupepea moto. Mwaka 1969 dereva wa treni ya Nihonkai alikuta moto akiwa ndani ya handaki la Hokuriku, lenye urefu wa karibu kilomita 14. Akakaidi kanuni, akaendesha hadi nje, moto ukazimwa. Aliadhibiwa. Tarehe 6 Novemba 1972, treni ya Kitaguni ikashika moto katika behewa la chakula, ndani ya handaki hilo hilo. Safari hii kanuni ikafuatwa. Treni ikasimama, wafanyakazi wakahangaika kulikata behewa linalowaka, umeme ukakatika, moshi ukajaa. Wakafa watu 30. Ndipo shirika la reli lilipochoma mabehewa kwa makusudi na kuendesha treni inayowaka ili kupima, likageuza kanuni: handakini usisimame, toka kwanza. Adhabu ya yule dereva ikafutwa.

Watetezi wa kanuni wana neno la kusema hapa. Dereva yule alicheza kamari. Treni ingezimika katikati, leo tungemtaja kama mhalifu. Na kila dereva akifuata kichwa chake, reli haiendeshiki. Nakubali. Ila vipimo vile havikuhitaji maiti ili vifanyike. Kwa miaka mitatu shirika lilikuwa na treni iliyotoka salama na dereva wa kuhojiwa, likaona la kufanya ni kumwadhibu.