Mwanafunzi wa Uzamili Asidaiwe Mada Kabla ya Kuuona Utafiti

Nimesoma tangazo la idara moja ya sayansi ya kompyuta, ambayo sitaitaja, likiwaagiza wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili wawasilishe mada tatu za utafiti katika mwezi wao wa kwanza, kila mada ikiwa na malengo mahususi, maswali ya utafiti na pengo la maarifa linalokusudiwa kuzibwa. Atakayechelewa atapangiwa msimamizi yeyote mwenye nafasi. Nililirudia kulisoma nikidhani nimeruka aya inayoeleza ni lini wanafunzi hao watakuwa wameoneshwa jinsi utafiti unavyofanyika. Aya hiyo haikuwepo.

Mtu ambaye pengine hajawahi kusoma hata makala moja ya kitaaluma mpaka mwisho anaombwa aseme ni kitu gani ambacho uwanja mzima bado haujakijua. Matokeo yake tunayajua sote: rundo la mapendekezo ya mifumo ya kutabiri hiki au kile kwa kutumia akili unde, ambamo jina la kinachotabiriwa ndilo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kisha wasimamizi hukaa wakilalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana ubunifu. Siwalaumu wanafunzi hata kidogo, kwa kuwa wametakiwa kuleta karatasi, nao wameleta karatasi.

Mimi nasema mwanafunzi aanze kwa kurudia kazi iliyokwisha kuchapishwa. Msimamizi, wala si mwanafunzi, achague makala moja ambayo data zake na msimbo wake (maagizo ya programu) viko wazi kwa umma, aonyeshe jedwali moja, na ndani ya jedwali hilo mstari mmoja, kisha aseme: nipatie namba hii. Linasikika kama zoezi la mtoto mpaka utakapomwona mtu analifanya. Kwanza atagundua kwamba makala haisemi kasi ya kujifunza iliyotumika (ukubwa wa hatua ambazo programu hujirekebisha kwazo inapojifunza), au kwamba toleo la maktaba ya programu lililotajwa limekwisha kupitwa na tabia yake imebadilika. Akivuka hapo, ataona kwamba kila akiendesha programu anapata namba tofauti kidogo, kwa sababu modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, huanza na thamani za kubahatisha, na ghafla atakabiliwa na swali ambalo hakuna mhadhara ungemfanya alijali: je, niripoti namba iliyo bora, au wastani wa majaribio yote pamoja na mtawanyiko wake? Na waandishi wa makala waliripoti ipi?

Akiendelea kuchimba, huenda akakuta jambo baya zaidi. Ataona, kwa mfano, kwamba wastani uliotumika kusawazisha data ulikokotolewa kwa data zote kabla ya kuzigawa katika data za mafunzo, ambazo modeli hujifunzia, na za majaribio, ambazo hupimwa kwazo, hivyo modeli ilikwisha kuonja mtihani kabla ya kuufanya. Mstari huo mmoja wa msimbo, uliokaa juu ya mwingine badala ya kukaa chini yake, unafundisha zaidi ya muhula mzima wa mbinu za utafiti. (Kozi hiyo, kwa njia, katika idara nyingi bado humfundisha mwanafunzi wa kompyuta kuandaa hojaji, sijui algorithimu itaijaza lini.)

Wala makosa ya aina hii hayako kwenye kazi za wanafunzi peke yake. CIFAR-10 na CIFAR-100 ni miongoni mwa seti za picha zilizotumika sana duniani, kila moja ikiwa na picha 50,000 za mafunzo na 10,000 za majaribio. Zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi pale watafiti wawili walipolinganisha picha kwa picha na kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 3 ya picha za majaribio katika seti ya kwanza, na asilimia 10 katika ya pili, zilikuwa na nakala au pacha wake wa karibu kabisa ndani ya picha za mafunzo. Hawakuhitaji kubuni modeli mpya ili kupata ugunduzi wao. Walikaa wakaangalia kitu ambacho kila mtu alikuwa akikitumia bila kukikagua, na kukagua ni jambo ambalo mwanafunzi wa uzamili anaweza kulifanya akiwa na mtu wa kumwelekeza.

Hata tasnifu ya uzamili iliyo mashuhuri kuliko zote katika fani yetu ilianzia kwenye kazi iliyokuwa mbele ya macho. Claude Shannon alifika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1936 akapewa kazi ya kuhudumia mashine kubwa ya kukokotoa ya Vannevar Bush, ambayo sehemu yake iliongozwa na saketi za swichi za umeme ziitwazo rilei. Mwaka uliofuata aliwasilisha tasnifu iliyoonyesha kwamba saketi za namna hiyo zinaweza kuelezwa na kubuniwa kwa aljebra ya Boole, yaani hesabu ya kweli na si kweli. Sitarajii idara yoyote izalishe akina Shannon kila mwaka. Natarajia tu imsogeze mwanafunzi karibu na mashine kabla ya kumdai swali.

Nitaambiwa kwamba wasimamizi wana wanafunzi wengi mno. Ni kweli, nakubali shingo upande. Lakini saa hizo hizo ambazo hazipatikani za kukaa na mwanafunzi mbele ya kompyuta hupatikana bila shida za kusahihisha toleo la sita la pendekezo ambalo halikuwa na uhai tangu toleo la kwanza. Nakubali pia kwamba wapo wanaokuja na swali zuri kutoka kazini kwao. Hao waachwe na swali lao, ila nao warudie kwanza kazi ya mtu iliyo jirani na swali hilo. Isitoshe, siku hizi programu ya akili unde huandika pendekezo lenye malengo, maswali na pengo kwa dakika chache, ilhali mwanafunzi anayetakiwa kueleza mbele ya msimamizi kwa nini namba yake imepungua hawezi kuazima jibu kwa muda mrefu.

Kinachobaki ni kanuni za utahini, na hapo ndipo vyuo vitakapoonyesha kama vina nia. Mwanafunzi aliyerudia kazi kwa uaminifu, asiipate namba iliyochapishwa, kisha akaonyesha hatua kwa hatua ni wapi tofauti ilipoingia, aruhusiwe kuiweka kazi hiyo kuwa sura kamili ya tasnifu yake, na mtahini asiruhusiwe kuikata alama kwa kisingizio kwamba hakuna kipya kilichobuniwa.